Mafunzo: Tela na Utunzaji Wake

Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza kilichokaa hapo tangu mwaka 1916. Wapagazi wale walichukua mizigo vichwani; leo mingi huchukuliwa kwa magurudumu, na tela ni chombo kimojawapo.

Wengi hudhani kuwa tela ni mkia wa gari tu, na hati za gari zatosha. Sivyo. Kwa Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, tela nalo lapasa kuandikishwa. Na kazi hiyo hufanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania. Basi anunuaye tela asitoe fedha kabla ya kuona kadi yake na kuilinganisha na namba zilizogongwa chumani.

Kabla ya safari tazameni mambo haya. Kwanza, pini ya kuungia na mnyororo wa akiba: pini ikikatika, mnyororo ndio uzuiao tela lisikimbie. Pili, upepo wa matairi. Tatu, beringi: kitovu cha gurudumu kikiwa cha moto mno, huenda grisi imekwisha. Nne, taa za nyuma, maana tela huzificha taa za gari. Tena mzigo mzito ukae juu ya ekseli, uelemee mbele kidogo. Ukizidi nyuma, tela huyumba.

Katika Mtaa wa Kongo watu hujaa hata barabarani, na tela lililokatika halina dereva. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ukuta hujengwa tena, mtu hajengwi.