Somo kwa Vikundi: Kuni za Bani na Msitu wa Ipole

Huko Ipole, wilayani Sikonge, mazungumzo juu ya mabadiliko ya tabianchi hayana budi kuanzia kwenye bani. Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa joto la kuni, na kuni nyingi hutoka katika miombo. Mti ukichomwa, hewa ya ukaa iliyohifadhiwa ndani yake miaka mingi hurudi angani kwa siku chache. Tena nyuki hukosa maua. Mfuga nyuki naye asijitoe lawamani: mti uliochunwa gome pande zote ili kutengeneza mzinga hufa.

Mwaka 1973 vikundi vya Mtu ni Afya vilikusanya watu wapatao milioni mbili nchini. Walisikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Hiyo kazi ya mwisho ndiyo iliyoyapa maneno uzito.

Basi kila mwanachama apime kuni za bani lake, tangu moto uwashwe hadi majani yakauke, na hesabu isomwe mkutanoni. Bani lenye nyufa lilinganishwe na lililozibwa; kuni mbichi na kavu vilevile, kwani moto wa kuni mbichi hupotea katika kukausha maji yake.

Miche iwe tayari kabla ya mvua za Novemba. Hapa pana swali gumu, ambalo wataalamu hulipita upesi: mkulima anayelima shamba la kuazima atapanda mti kwa faida ya nani? Kikundi kilijadili hilo kwanza, mwenye shamba naye akiwapo.