Tumbo Limeshiba, Mwili Una Njaa

SOMO LA KIKUNDI



Tukitembelea vijiji huwa tunaambiwa, "Watoto wetu hawalali njaa, ugali upo." Ni kweli, na tunamshukuru Mungu. Lakini mtoto anaweza kula ugali na chai kila siku, tumbo likajaa, na bado mwili wake ukakosa vitamini na madini. Njaa hii imejificha. Mtoto halii, lakini mwili wake una alama. Asiyezijua alama hizo husema, "Mtoto huyu ni mzembe," au "Mama yule ni mvivu," au "Huyo amerogwa." Kumbe ni chakula kimepungukiwa.

Leo tujifunze kuangalia sehemu tatu: macho, viganja na shingo.

1. MACHO

Mtoto aliyekosa vitamini A huona vizuri mchana. Jua likishatua, anapapasa. Anajikwaa kwenye viti, haoni sahani yake, na wenzake wanaona sawasawa katika giza lile lile. Huo ni upofu wa usiku. Baadaye jicho hukauka, na pengine doa kama povu hutokea kwenye weupe wa jicho. Ukiona kioo cha jicho kimeingia ukungu au kidonda, usingoje kesho. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, kwani anaweza kupofuka kabisa.

Surua (wengine husema ukambi) na kuhara humaliza vitamini A haraka. Na mtoto aliyeikosa hana nguvu ya kupigana na magonjwa. Anaweza kufa kwa ugonjwa ambao mwenzake angepona.

Watoto wa kuanzia miezi 6 hadi miaka 5 hupewa vitamini A kliniki kila baada ya miezi 6. Beba kijitabu cha mtoto iandikwe, asije akapewa mara mbili kwa karibu. Nyumbani mpe terere, managu, majani ya kunde, sukuma wiki, karoti, papai, maembe na viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Mboga iwe na mafuta kidogo, maana bila mafuta vitamini A haiingii vizuri mwilini.

2. VIGANJA

Wekeni viganja vyenu pamoja mwangani. Kimoja kikiwa cheupe kuliko vingine, vuta chini kope la jicho la mwenye kiganja hicho uangalie ndani. Kukiwa kweupe badala ya kuwa kwekundu, huenda damu imepungua. Mtu huyo huchoka upesi, huhema akipanda kilima na huona kizunguzungu. Wengine hutamani kula udongo au mawe ya odowa.

Mara nyingi kinachokosekana ni madini ya chuma. Lakini malaria na minyoo pia hupunguza damu, kwa hiyo usikimbilie duka kununua vidonge. Nenda zahanati upimwe.

Mama mjamzito huhitaji damu ya watu wawili. Akipungukiwa, kutokwa na damu wakati wa kujifungua kunaweza kumwua. Kliniki humpa vidonge vya chuma na foliki ameze kila siku. Wengi huviacha wakiona choo kimekuwa cheusi. Usiogope, ni ile chuma tu. Vikikuletea kichefuchefu, mwambie muuguzi, usivitupe.

Chuma hupatikana kwa nyama, maini, omena, maharagwe, ndengu na mboga za majani. Ukila maharagwe, ongeza chungwa au pera. Vitamini C husaidia chuma kuingia mwilini. Na ile chai yetu tamu? Isubiri. Ukinywa chai pamoja na chakula, chuma nyingi hupotea. Kaa kama saa moja kwanza.

3. SHINGO

Uvimbe mbele ya shingo huitwa rovu. Si laana. Mara nyingi ni upungufu wa ayodini. Sehemu za milimani, mbali na bahari, mvua huosha madini haya kutoka kwa udongo. Hatari kubwa iko tumboni mwa mama: akikosa ayodini, mimba inaweza kutoka, au mtoto akazaliwa na akili dhaifu au akiwa kiziwi. Hilo likishatokea, halirudishwi na dawa.

Kinga yake ni rahisi: chumvi yenye ayodini. Soma pakiti uhakikishe. Ihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jua na moto, na uitie chakula kinapokaribia kuiva. Chumvi ya ng'ombe si ya watu. Mwenye rovu aonwe na daktari.

JIKONI NA SHAMBANI

Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi wa pakiti uongezwe vitamini na madini. Unga wa kusaga posho mill kwa kawaida hauna nyongeza hiyo. Hatusemi uache mahindi yako. Tunasema yasikae peke yake kwenye sahani.

Osha mboga kabla ya kuzikata, wala usizipike mpaka zife. Magadi hulainisha mboga lakini huharibu vitamini C na baadhi ya vitamini B. Na usiuze mayai yote sokoni, mbakishie mtoto.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Wiki hii, mbali na ugali, watoto wetu wamekula nini?
2. Ni nani kijijini anaitwa mvivu au mzembe, na pengine ni mgonjwa? Tutamwendeaje bila kumwaibisha?
3. Ni mboga gani za wazee wetu tumeziacha? Nani bado ana mbegu?
4. Je, kila mwanakikundi anaweza kupanda mpapai mmoja na gunia moja la mboga kabla ya mvua kwisha? Andikeni majina, na mwezi ujao mtembeleane mkaone.

Mungu aibariki kazi ya mikono yenu.