Mwaka wa Kwanza Chuoni: Jua Mlango wa Kubisha Kabla Mambo Hayajaharibika

Aliyemaliza kidato cha sita amezoea kengele ya kuamka, mwalimu wa zamu na matroni anayepita bwenini usiku. Chuo kikuu hakina hayo. Ukikosa vipindi wiki tatu mfululizo, huenda asitokee mtu wa kukuuliza mpaka matokeo ya majaribio yabandikwe. Msaada upo, tena wa aina nyingi, lakini ni lazima uufuate. Mara nyingi anayeishia kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, si mzito wa akili. Alichelewa kusema kwamba bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, halijaingia, kwamba hana pa kulala, au kwamba anaumwa. Mwongozo huu unaeleza nani wa kumwendea vyuoni Tanzania, na kwa jambo gani.

Wiki ya utambulisho

Usiichukulie kuwa wiki ya mapumziko. Hapo ndipo unapoonyeshwa maktaba, zahanati na ofisi utakazozihitaji baadaye. Ondoka na nyaraka tatu: almanaka ya chuo, kanuni za mitihani na kanuni za maadili ya wanafunzi. Zisome zote. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, kwa kawaida kazi za muhula hubeba alama 40 na mtihani wa mwisho 60. Anayedharau jaribio la katikati ya muhula anaingia mtihani wa mwisho akiwa tayari amepungukiwa.

Malazi

Nafasi za mabwenini hazijawahi kutosha. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, maarufu kama Mlimani, kilifungua mabweni ya Magufuli yenye uwezo wa kulaza wanafunzi 3,840, na bado wengi hupanga vyumba mitaani, Sinza, Mwenge na Changanyikeni. Omba chumba mapema, mara dirisha la maombi linapofunguliwa. Ukikosa, tafuta wenzako wawili au watatu mpange pamoja, mwandikiane mkataba na mwenye nyumba, na mdai risiti ya kila malipo. Kubebana kitanda kimoja bwenini huonekana nafuu, lakini huvunja kanuni za chuo na huwanyima usingizi wote wawili, hasa wakati wa mitihani.

Mkopo na bumu

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, ndiyo hutoa fedha hizi, na mwanafunzi hutakiwa kuthibitisha kuzipokea. Usipothibitisha kwa wakati, fedha zinaweza kurudishwa Bodi. Hakikisha jina lako, namba ya usajili na akaunti ya benki vinalingana kila mahali. Kukiwa na tatizo, anza kwa afisa mikopo wa chuo, ukiwa na vielelezo mkononi. Bumu likiingia, tenga kwanza kodi, nauli na chakula cha mwezi mzima. Kinachobaki ndicho cha kutumia.

Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi

Wengi huiogopa wakidhani ni ofisi ya adhabu. Hii ndiyo ofisi ya maisha yako yote ya nje ya darasa: malazi, unasihi, ugonjwa, msiba, mahitaji ya wanafunzi wenye ulemavu, migogoro ya vyumbani na shughuli za vyama. Ukiugua sana au ukifiwa na mlezi anayekusomesha, nenda mapema uulize utaratibu wa kuahirisha mtihani au mwaka wa masomo. Peleka barua na cheti cha hospitali, na ubaki na nakala. Ombi lililotangulia mtihani husikilizwa kwa urahisi kuliko maelezo yanayofuata baada ya kufeli. Msongo wa mawazo nao ni sababu halali ya kubisha hodi. Mnasihi wa chuo yupo kwa ajili hiyo.

Lipo jambo jingine lisilostahili kunyamaziwa. Mwenye mamlaka akikudai ngono ili akupe alama au huduma, hilo ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Tunza ujumbe wote aliokutumia, mweleze mtu unayemwamini, kisha nenda Dawati la Jinsia la chuo, au piga simu TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, kwa namba 113, bila malipo.

CR na serikali ya wanafunzi

Mhadhiri asipotokea, ratiba zikigongana, au alama zikipotea, wa kwanza kumwambia ni CR, yaani mwakilishi wa darasa lenu. Yeye hulifikisha kwa mhadhiri au mkuu wa idara. Jambo linalogusa wengi hupelekwa serikali ya wanafunzi: DARUSO pale Dar es Salaam, UDOSO Dodoma, SUASO kwa wenzetu wa Chuo Kikuu cha Sokoine. Serikali hizi hukutana katika TAHLISO, jumuiya ya kitaifa ya wanafunzi wa elimu ya juu. Lalamiko lenye majina, tarehe na ushahidi hufanyiwa kazi haraka kuliko kelele za kundi la WhatsApp. Na siku ya uchaguzi, piga kura. Utakayemchagua ndiye atakayekaa mezani na menejimenti kwa niaba yako.

Chama kimoja au viwili vinatosha

Jiunge na chama kimoja cha fani yako, na kingine cha unachokipenda: mdahalo, michezo, dini, mazingira au sanaa. Humo utapata marafiki wa kukuita kwenye kimbweta, meza ya nje ya wanafunzi, siku za kujisomea, na watakaokutafuta usipoonekana. Kujiandikisha kila mahali humaliza muda bila kukujenga popote.

Ukipewa kuratibu shughuli, fuata mtiririko huu:

1. Hakikisha chama kimesajiliwa kwa Mshauri wa Wanafunzi, kina katiba, na kina mlezi ambaye ni mfanyakazi wa chuo.
2. Andika lengo la shughuli kwa sentensi moja. Likishindikana kuandikwa, shughuli haijaiva.
3. Linganisha tarehe na almanaka, isigongane na majaribio.
4. Omba ukumbi na kibali kwa barua angalau wiki mbili kabla, ukitaja mgeni rasmi na idadi ya watu.
5. Fedha zishikwe na mweka hazina na kuidhinishwa na kiongozi mwingine, kila shilingi iwe na risiti.
6. Fikiria mwenye kiti cha magurudumu, asiyesikia, na binti anayerudi mtaani usiku. Saa na mahali pa kukutana viwafae nao.
7. Ndani ya wiki moja baada ya shughuli, toa ripoti ya mapato, matumizi na mafunzo.

Uongozi wa wanafunzi kwa kawaida hudumu mwaka mmoja, na hapo ndipo vyama vingi hufia: viongozi wanahitimu na kuondoka na kila kitu kwenye simu zao. Anzeni makabidhiano muhula wa pili, kabla ya mitihani. Wapeni wanaokuja katiba, orodha ya wanachama, hesabu, nakala za barua na majina ya ofisi zilizowasaidia. Kisha wapelekeni wenyewe kwa Mshauri wa Wanafunzi na kwa mlezi wa chama, muwatambulishe uso kwa uso. Mkifanya hivyo, wa mwaka wa kwanza watakaofika Oktoba watakikuta chama kikiwa hai, na watakuwa na mtu wa kumuuliza.