SOMO LA WIKI: Kiingereza cha simu kisikutie hasara

Mfanyabiashara anayeuza ufuta, korosho au viungo nje ya nchi anaweza kuwa anaijua mali yake barabara na bei za soko anazo kichwani, lakini akapata hasara kwa simu ya dakika tatu. Mara nyingi sababu si kwamba hajui Kiingereza. Sababu ni makosa machache yanayojirudia, na mengi hutokana na kufikiri kwa Kiswahili huku mtu akisema Kiingereza. Wiki hii tunayapitia matano, pamoja na dawa ya kila moja.

1. NAMBA. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo wengi wetu hutamka "thirteen" (13) na "thirty" (30) kwa mkazo ule ule wa mwanzo. Mwingereza husikiliza mkazo: ukiwa mwishoni ni 13, ukiwa mwanzoni ni 30. Tuseme umeuza tani 13 za ufuta kwa dola 1,350 kwa tani. Mali yako ni dola 17,550. Mnunuzi akisikia tani 30 ataandaa dola 40,500 na atadai tani 17 ambazo huna. Dawa: baada ya kutaja namba, taja tarakimu moja moja. "Thirteen tonnes, one-three." Naye akitaja, mrudishie: "Did you say one-three or three-zero?" Kuuliza si aibu, mabenki na marubani hufanya hivyo kila siku.

2. SAA. Sisi tunahesabu saa tangu macheo. Saa nne asubuhi ni "ten o'clock in the morning", wala si "four o'clock". Kanuni ni kuongeza au kupunguza sita. Halafu uliza ni saa ya wapi. Mnunuzi wa London akisema "ten o'clock my time", kwako Dar es Salaam au Nairobi ni saa saba mchana wakati wao wa baridi, na saa sita mchana wakati wao wa kiangazi. Dawa: "Ten o'clock London time or East African time?"

3. NDIYO NA HAPANA. Hapa wengi hunaswa. Mnunuzi anauliza: "You haven't shipped the goods?" Kwa Kiswahili tungejibu "ndiyo", maana yake ndiyo, sijasafirisha. Yeye akisikia "yes" anaweza kuelewa kwamba mzigo umeshaondoka, na kesho yake ataomba hati ya shehena. Ukikosa kuionyesha, utaonekana mwongo. Dawa: usijibu kwa neno moja. Sema sentensi nzima: "We have not shipped yet. We will ship on Friday."

4. BEI. Kutaja bei na kujifunga kwa bei ni mambo mawili. Ukisema "firm offer" mnunuzi anahesabu kuwa umetoa ahadi, na akikubali, biashara imefungwa hata kama kesho bei ya shambani itapanda. Kama unapima soko tu, sema: "This is only an indication, subject to our final confirmation." Maneno "subject to" maana yake ni "kwa sharti la". Ukiyasikia kwa mwenzako, jua kwamba na yeye bado hajajifunga. Usikope fedha za kununulia mali kwa kutegemea neno lake.

Pia bei haijakamilika bila bandari. FOB Dar es Salaam maana yake gharama zako zinaishia mzigo unapopakiwa melini. CIF Rotterdam maana yake nauli ya meli na bima hadi Rotterdam ni juu yako. Aliyetaja bei ya FOB akaeleweka CIF amejibebesha nauli ambayo hakuipigia hesabu. Dawa: taja vitu vinne kwa pamoja, yaani fedha, kipimo, masharti na bandari. "US dollars 1,350 per tonne, FOB Dar es Salaam."

5. MKUTANO NA MAHOJIANO. Mzungumzaji akianza na "I'm afraid", haogopi kitu. Anakuambia kwa adabu jambo usilotaka kusikia, na mara nyingi ni kukataa. Neno "table" nalo lina mtego: kwa Mwingereza, "to table" hoja ni kuileta ijadiliwe; kwa Mmarekani ni kuiweka kando. Uliza: "Do you mean discuss it now, or later?"

Ukihojiwa na benki kwa ajili ya mkopo, utaulizwa "turnover". Hiyo ni mauzo yote ya mwaka kabla ya kutoa gharama. Faida ni "profit". Ukitaja faida mahali pa mauzo, biashara yako itaonekana ndogo kuliko ilivyo. Ukitaja mauzo mahali pa faida, vitabu vyako vitakuumbua.

KABLA HUJAENDELEA NA KAZI NYINGINE. Simu ikiisha, andika siku hiyo hiyo, kwa barua pepe au ujumbe: "Further to our telephone conversation today, we confirm 13 (thirteen) tonnes of sesame seed at US$ 1,350 per tonne, FOB Dar es Salaam." Andika namba kwa tarakimu na kwa maneno. Kama kuna aliyesikia vibaya, kosa litagundulika leo, kabla gari halijapakia.

ZOEZI. Mpigie rafiki simu, umsomee namba hizi kwa Kiingereza, naye aziandike: 14, 40, 15, 50, 1,916 na 1,960. Linganisheni. Kama hata moja imekosewa, rudia mpaka zote ziwe sawa. Ni afadhali ukosee kwa rafiki kuliko kwa mnunuzi.