MBELE YA KUTOA FEZA: Maneno mane ya sheria



Mwanafunzi mumoja aliweka feza kidogo kidogo, akanunua taa ya jua kwa kujifunza usiku. Usiku wa pili taa ikazimika. Aliporudi dukani alijibiwa: «Kitu kikitoka hapa hakirudi.» Akanyamaza, akaenda zake. Haki alikuwa nayo, lakini maneno ya kuisema hakuwa nayo. Tuyajifunze pamoja.

1. MUNUNUZI. Katika midomo yetu «kuuza» ni kutoa feza, na «kuuzisha» ni kutoa mali. Hapa tunaandika mununuzi na muuzishaji, tusichanganye. Anayenunua kwa matumizi yake ao ya jamaa yake anaitwa kwa Kifaransa consommateur. Mama anayenunua gunia ya unga kwa kuipima sokoni ni muchuuzi. Yule anayeupika ule unga njo consommateur.

2. MAPATANO. Wawili wakipatana juu ya kitu na bei, mauzo yamekwisha kufanyika, hata kama kitu hakijatolewa. Karatasi haifanyi mauzo, lakini inayashuhudia. Basi tuombe fakitire.

3. KASORO YA WAZI. Ni ubaya ambao mununuzi angeweza kuuona mwenyewe, kama kioo kilichopasuka. Juu ya huo muuzishaji hana deni. Tufungue macho mbele ya kufungua mufuko.

4. KASORO YA SIRI (vice caché). Ni ubaya uliokuwa ndani ya kitu mbele ya kununuliwa, usioonekana, na unaokizuia kufanya kazi yake. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mapatano inasema muuzishaji anajibu juu yake, hata kama hakuijua. Mununuzi anachagua: kurudisha kitu na kupata feza zake, ao kubaki nacho na kurudishiwa sehemu ya bei. Kama muuzishaji aliijua akaificha, atalipa hasara vilevile.

Sasa turudi kwa ile taa. Sheria inaacha muuzishaji asiyejua kasoro apatane na mununuzi kwamba hatajibu. Lakini hayo ni mapatano ya watu wawili, mbele ya feza kutolewa. Neno la mutu mumoja kisha kulipwa si mapatano. Hata hivyo, ni juu ya mununuzi kuonyesha kwamba ubaya ulikuwa ndani tangu duka. Ndiyo sababu arudi upesi, na fakitire mukononi, aseme kwa heshima.

Tusisahau upande wetu. Mezali 11:1 inahukumu mizani ya udanganyifu; Mezali 20:14 inamwonyesha mununuzi anayechafua mali kwa kushusha bei, kisha anajisifu njiani. Aliyeangusha taa yake mwenyewe asiseme «kasoro ya siri».

MASWALI:
1. Radio iliyovunjika mukono, uliyoinunua ukiiona, ni kasoro gani?
2. Ungemujibu nini yule wa duka?