Nani Aruhusiwe Kuizima Kompyuta?

Watu wengi hudhani kwamba kuzima kompyuta ni sawa na kuzima taa. Kwa mashine ya mtu mmoja dhana hiyo haina madhara makubwa. Lakini pale ambapo mashine hutumiwa na wengi kwa wakati mmoja, mmoja akiizima ameizima kwa wote.

Mfumo wa Linux, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ulifuata desturi za Unix, mfumo ulioanza kuundwa mwaka 1969 katika maabara za Bell, Marekani. Kila mtumiaji hupewa namba. Mwenye namba 0, aitwaye root, yaani mzizi, ndiye mwenye mamlaka yote. Ombi la kuzima au kuwasha upya hufika kwenye kiini cha mfumo, nacho humkatalia asiye na mamlaka hayo.

Sababu yake si cheo tu. Mtu anapohifadhi waraka, maandishi aghalabu hayaendi papo hapo kwenye diski. Hukaa kwanza katika kumbukumbu, pengine kwa nusu dakika hivi, ndipo yaandikwe. Kabla ya kuzimika, mfumo huzitaka programu zote zijifunge zenyewe, huzilazimisha zile zinazokaidi, kisha huandika diskini yaliyosalia. Anayechomoa waya hukatiza hatua zote hizo. (Umeme unapokatika, nao haumwombi mtu ruhusa.)

Msomaji atauliza: je, mwenye kompyuta yake nyumbani naye amwombe root? La. Mifumo mingi ya siku hizi hutumia systemd, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2010. Sehemu yake iitwayo logind hujua nani ameketi mbele ya mashine na nani ameingia kwa mbali. Kwa kawaida aliyeketi, akiwa peke yake, huizima bila nywila. Wakiwamo wengine, huenda akaombwa nywila ya msimamizi. Kanuni hii naiona ya busara, kwani kumnyima ruhusa mtu ambaye mkono wake unafikia kitufe cha umeme ni kumfundisha kukibonyeza kwa nguvu.

Msimamizi aweza pia kumkabidhi mtumishi wa zamu amri hii pekee, kwa njia ya sudo, bila kumpa mamlaka mengine. Mtumishi huyo akiandika «sudo shutdown -r +10», walioingia hutangaziwa kwamba zimebaki dakika 10. Ikiwa mmoja wao hajamaliza kazi yake, «sudo shutdown -c» huifuta amri hiyo.