Manukato Matamu ya Msimu wa Baridi na Namna ya Kuyafanya Yadumu

Manukato matamu ya msimu wa baridi ni yale yanayonukia kama kitu cha kuliwa: vanila, sukari iliyoungua, tende, asali, kahawa. Wenye biashara huyaita gurumandi. Kundi hili huhesabiwa tangu 1992, Thierry Mugler ilipotoa Angel, kazi ya fundi wa manukato Olivier Cresp. Angel ilifunga pamoja ethili maltoli, kemikali inayonukia sukari ya kupikwa, na pachuli nyingi yenye harufu ya udongo na mbao. Utamu wenyewe ni wa zamani zaidi. Vanilini ilitengenezwa maabara nchini Ujerumani mwaka 1874, na mwaka 1925 Guerlain ilitoa Shalimar, iliyosimama juu ya vanila. Katika pwani ya Afrika Mashariki, udi wa kupika huunganisha vipande vya mti, sukari iliyoyeyushwa na marashi. Aliyekulia katika nyumba inayofukizwa hahitaji kuelezwa kwa nini sukari na moshi vinapatana.

Baridi hubadilisha namna manukato haya yanavyosikika. Harufu hufika puani baada ya kugeuka mvuke. Spiriti huchemka kwa nyuzi 78 za Selsiasi, limonini ya maganda ya machungwa kwa 176, vanilini kwa 285; kwa kawaida kinachochelewa kuchemka huchelewa pia kupaa. Kwenye jua la Dar es Salaam hata vizito hupaa kwa wingi, na vanila huwaziba pumzi abiria wa daladala nzima. Njombe, Makete, Lushoto au Limuru mwezi Julai, vizito hivyo hupaa kidogo kidogo. Utamu hupungua makali, na viungo vilivyo chini yake hupata nafasi. Ndiyo maana chupa inayochukiza Machi yaweza kupendeza Julai bila kubadilika hata tone.

Katika kuchagua, jambo la kuangalia ni kama utamu una kitu cha kuuzuia: mbao, utomvu, kiungo kikali, tumbaku au kahawa. Vanila na sukari peke yake huchosha kabla ya adhuhuri. Mfano unaopatikana kwa urahisi Afrika Mashariki ni Khamrah ya Lattafa, kampuni ya Falme za Kiarabu, iliyotoka mwaka 2022. Hufungua kwa mdalasini na kungumanga, katikati huleta tende na lozi za sukari, kisha hutulia kwenye vanila, mbegu za tonka, manemane na mbao. Hulinganishwa mara nyingi na Angels' Share ya Kilian ya mwaka 2020, ambayo bei yake ni mara kadhaa zaidi. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, tofauti ya harufu haifikii tofauti ya bei, hasa kwa mtu atakayeivaa chini ya koti.

Kuhusu kununua, mengi yanajulikana: namba ya toleo chini ya chupa ilingane na ya kwenye boksi, na muuzaji anayekataa kabisa kuonjesha aachwe na mali yake. Lisilosemwa sana ni kwamba duka la mjini wakati wa jua kali ndilo mahali pabaya kuliko pote pa kujaribia manukato ya baridi. Karatasi ya kuonjea ipelekwe nyumbani, ilale dirishani, inuswe alfajiri. Kinachosikika saa hiyo ndicho kitakachovaliwa.

Kupaka kuna hatua tatu. Ya kwanza ni kuoga na kujipaka mafuta yasiyo na harufu, na hiyo haihitaji maelezo. Ya pili ni kuviacha viganja na vifundo vya mikono. Mwili ukipatwa na baridi hupunguza damu inayokwenda kwenye ngozi ya mikono, kwa hiyo mahali panapopulizwa na wengi ndipo panapopoa kwanza. Kifua na tumbo chini ya nguo hubaki na joto. Ya tatu ni nguo, nayo ilipatikana kwa njia ndefu.

Chupa iliyozaa makala haya ilinunuliwa Kariakoo mchana wa jua, kutoka kwa muuzaji aliyeapa kwamba itadumu mwilini mpaka kesho yake. Dukani ilinukia kama jiko la harusi. Ilipofika Njombe, asubuhi yenye ukungu, mkono ulitoa spiriti, mdalasini kidogo, kisha kimya. Muuzaji alipopigiwa simu alikuwa na jibu tayari: iwekwe kabatini mwezi mzima iive, na ikianza kugeuka rangi ya kahawia ndipo nguvu imeingia. Jibu hilo husikika katika maduka mengi, na lina faida moja tu, kwamba mwezi ukiisha mnunuzi hawezi tena kurudisha mali. Ukahawia huo ni tabia ya vanilini, ambayo hubadilika rangi ikikaa na hewa na mwanga. Rangi haipimi nguvu.

Ufumbuzi ulikuwa katika desturi ya udi. Wanawake wa pwani hawaishii kwenye ngozi. Nguo hutandazwa juu ya chetezo kabla ya kuvaliwa, moshi ukaingia kwenye nyuzi, na harufu ikatoka taratibu mwili unapopata joto. Sweta la sufu lilifanyiwa vivyo hivyo kwa chupa badala ya mkaa. Jioni liligeuzwa ndani nje, likapulizwa kwa umbali wa urefu wa mkono, mara mbili kifuani na mara moja penye kisogo. Liliangikwa mpaka spiriti ikauke, kisha likakunjwa na kulazwa sandukuni. Asubuhi lilivaliwa juu ya fulana, na ngozi ya kifua ikapulizwa mara moja tu. Saa za kwanza hazikuwa na kishindo. Ofisi ilipopata joto na koti kuvuliwa, tende na vanila vilipanda kupitia ukosini, na jioni sweta lilikuwa bado linanukia. Mtu wa meza ya jirani aliuliza nani ameleta keki.

Kwa nini lilale usiku kucha? Kwa sababu vyepesi, yaani spiriti na machungwa, huondoka usiku, na vinavyobaki kwenye nyuzi ni vile vizito vinavyotakiwa. Joto la mwili ndilo linalovitoa kesho yake. Sufu halisi hufanya kazi hiyo vizuri kuliko akriliki, ambayo huhifadhi harufu ya jasho pamoja na manukato. Sweta la mtumba lifuliwe mpaka harufu ya belo iishe kabisa. Harufu hiyo ikikutana na vanila, hakuna manukato yatakayoishinda. Lisiwe jeupe, kwa kuwa vanilini ile ile inayoipa chupa ukahawia huacha doa. Manukato ya mafuta, yale ya kupima kwa mililita, yasiguse sweta kamwe. Hayo ni ya ngozi, na alama ya mafuta haifutiki kwa maji.

Kiasi ndicho huwashinda wengi. Pua ya mwenye manukato huzoea harufu baada ya muda mfupi na kuacha kuisikia, naye hudhani imekwisha, akaongeza. Dawa ni kutoka nje, kukaa kidogo katika hewa safi, kisha kurudi ndani lilipo sweta. Kama bado haisikiki, aulizwe mtu mwingine. Safari za asubuhi za nyanda za juu hufanyika madirisha yakiwa yamefungwa, na abiria wa kiti cha nyuma hana pa kukimbilia.

Mpulizo mmoja hutoa takriban mililita 0.1, hivyo chupa ya mililita 100 ina karibu mipulizo 1,000. Kwa mipulizo minne kwa siku ni siku 250, ilhali Juni hadi Agosti ni siku 92. Chupa moja inatosha baridi mbili na kubaki, kwa hiyo anayeshauriwa na muuzaji kuchukua tatu kwa bei ya ofa achukue moja, na fedha inayobaki anunue sweta zuri la sufu.